Majalada Thelathini

"Ufunguo huupati," shemeji alisema kwa mara ya tatu. "Sema yote uliyonayo, ukimaliza rudi ofisini kwako. Huupati."

Nikamwambia siombi, naagiza. Akacheka kile kicheko chake kifupi cha puani, akaendelea kupaka gundi kwenye kitabu cha hesabu kilichobanduka ubavuni, kana kwamba mlangoni kwake amesimama mchuuzi wa soksi.

"Mimi ndiye mkuu wa kitengo hiki, shemeji."

"Najua. Hata viti vya sherehe yako ya kupandishwa cheo nilipanga mimi."

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa mashine ya kukatia karatasi. Ni mashine ya chuma, pana kama meza ya kulia, ina gurudumu juu la kubania na mpini mrefu ubavuni. Aliufunga ule mpini kwa kufuli tangu siku mfagizi mmoja alipojaribu kukatia kadi za harusi akanusurika kupoteza kidole. Ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati lake, pamoja na kalamu na miwani. Asubuhi ile nilikuwa nimesukuma toroli mara sita kutoka ghalani hadi chumba chake cha kujalidia vitabu, majalada matano kila safari. Alijua nimekuja kufanya nini tangu aliposikia magurudumu ya kwanza.

"Umeyaleta machinjioni," alisema bila kuinua kichwa, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Shemeji huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Watoto wangu wanamwita Baba Mkubwa, wafanyakazi wa maktaba wanamwita Fundi. Yeye ndiye aliyeniingiza kwenye jengo hili. Nilipomaliza stashahada yangu ya ukutubi nilikuwa na mtoto mmoja mgongoni, mwingine hajui kufunga kamba za viatu, na mume ana miezi minne kaburini. Shemeji alivaa koti lake la pekee, akaenda kwa mkuu wa wakati ule, akakaa kwenye benchi la nje siku mbili mpaka akasikilizwa. Wiki yangu ya kwanza kazini alinifundisha kufunua gazeti kwa kushika pembe ya juu, si ya chini, kwa sababu pembe ya chini ndiyo kila mtu huishika na ndiyo huchanika. Hilo chuoni hawakunifundisha.

Majalada yalikuwa thelathini. Ni gazeti la mji wetu, lililokuwa likitoka kila wiki kabla halijafa, mwaka mmoja kwa jalada moja. Hakuna maktaba nyingine yenye mfululizo mzima. Zamani yaliwekwa wazi kwenye chumba cha kusomea, na watu waliyatafuna vibaya mno. Msimu wa mitihani zilichanwa kurasa za matokeo, msimu wa kesi zikachanwa za matangazo ya viwanja, na kila msimu zilichanwa za mpira. Shemeji akasema basi, imetosha. Akaanza kuyashona upya kwa mtindo wake. Alitoboa kila karatasi ukingoni kwa ndani, akapitisha uzi uliopakwa nta, akauvuta mpaka karatasi zikalia, ndipo akaweka gundi, kitambaa na mbao za karatasi ngumu. Alikuwa akiwaambia wageni kwamba atakayetaka kuchomoa ukurasa hapa aje na shoka. Na kweli, tangu aliposhona, haukutoka hata ukurasa mmoja.

Halafu ikaja mashine ya kupigia picha kurasa. Tuliazimwa na taasisi nyingine kwa muda maalumu, ili gazeti lote liingizwe kwenye mtandao na mtu alisome akiwa popote. Ilikuja na kijitabu. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ulisema kwamba vitabu vilivyoshonwa kwa kubana vikatwe mgongo kwanza, karatasi zilale moja moja. Nilikisoma huku shemeji amesimama pembeni ananitazama usoni. Nikakifunga. Nikamwambia, "Shemeji, namwapia marehemu, hakuna jalada lako litakalokatwa nikiwa kwenye kiti hiki."

Hakuna aliyeniomba niape. Yeye mwenyewe hakufungua mdomo. Niliapa kwa sababu ilinipendeza kuwa mtu wa kusema maneno kama yale.

Tukayapiga picha vilevile yalivyo, mimi na msaidizi wangu, miezi mitano. Shemeji alijipa kazi ya kukaa kwenye kigoda nyuma yetu, akishikilia majalada yasivunjike mgongo, akisema polepole, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Siku ya tatu tu nikaliona tatizo. Maneno yaliyokaa jirani na mshono yalipinda, yakaingia kwenye kivuli. Mistari mingine ilipoteza herufi moja, mingine mbili. Nikaongeza nguvu ya kukandamiza kioo. Shemeji akaguna. Nikaipunguza.

Kwa kila jalada kulikuwa na fomu ya ukaguzi, na swali la tano linauliza kama maandishi yote yanasomeka. Niliandika ndiyo. Fomu thelathini, ndiyo thelathini, sahihi yangu chini ya kila moja. Nilijiambia kwamba msomaji si mjinga. Akikuta "watot" ataongeza herufi mwenyewe. Na kwa herufi nilikuwa sahihi. Sikuwaza kuhusu tarakimu.

Tukazindua. Mkurugenzi alibonyeza kitufe, watu wakapiga makofi, na kwa muda wa miezi saba nilikuwa mtu wa kuonyeshwa kwa wageni. Chumba cha magazeti kikabaki kitupu. Nilisikitika kidogo, lakini si sana, kwa maana watu hawakuwa wakikohoa vumbi tena na nilipokea barua za shukrani kutoka miji ambayo sijawahi kufika. Shemeji alizibandika barua hizo ukutani mwa chumba chake, juu ya makopo ya gundi. Majalada yake, nayo, yalirudi ghalani mazima. Tulikuwa tumepata vyote viwili, au ndivyo tulivyodhani.

Binti yangu anasomea afya ya jamii chuo cha mbali. Jumamosi moja alinipigia simu nikiwa nafua. Kwa kawaida huanza na kuomba kitu, kisha salamu. Safari hii hakuomba.

"Mama," alisema, "gazeti lenu limetafunwa na panya, au ni nyinyi?"

Nikamwambia asiniletee mafumbo nikiwa na mikono ya sabuni, aseme.

Akaeleza. Alikuwa ameandika insha kuhusu kipindupindu kilichoingia mji wetu mwaka mmoja kabla hajazaliwa. Alisoma gazeti letu kwenye simu, amejilaza kitandani, na nakumbuka wiki ile aliniambia kwamba ameona fahari kuwa mtoto wangu. Gazeti lilisema waliofariki walifikia 14. Akajenga hoja yake yote juu ya hapo: mji maskini, maji mabovu, wauguzi wachache, lakini waliokufa ni kumi na wanne tu, basi kuna jambo watu wale walilifanya vizuri na ni la kuigwa. Alipata alama themanini na moja. Mwalimu akamwambia aisome mbele ya darasa. Alipomaliza, mwenzake mmoja, kijana wa mji wetu huuhuu, akasimama. Akasema mtaani kwao peke yake walizikwa zaidi ya ishirini, na bibi yake alikuwa miongoni mwa walioosha maiti mpaka mikono ikachubuka kwa dawa. Binti yangu akamjibu kwamba yeye amesoma kwenye gazeti la wakati ule. Kijana akasema basi gazeti ni la uongo, au wewe ndiye mwongo, akatoka nje.

"Nilibishana naye, mama," alisema. "Nilimwambia ushahidi ni maandishi. Mbele ya watu wote."

Jumatatu sikupita hata ofisini. Nilikwenda ghalani moja kwa moja, nikatoa jalada la mwaka ule, nikafika ukurasa wa nne, upande wa kushoto, safu ya mwisho. Nikasoma 14. Nikalaza kiganja, nikaegemea kwa uzito wangu, na uzito ninao. Bado 14. Nikachukua rula ya chuma, nikaipenyeza kwenye bonde la mshono, nikavuta karatasi kuelekea kwangu mpaka nikasikia uzi unalalamika. Kule chini kabisa, jirani na tundu la sindano, ilikuwepo sifuri.

Nikakaa sakafuni. Neno lililokatwa linajitangaza, ukiliona unajua lina kasoro. Tarakimu haijitangazi. Kumi na nne ilikuwa imesimama pale kama mzima wa afya, sentensi imekamilika, nukta mahali pake. Siku ile nzima nilipekua tarakimu tu katika jalada hilo moja, hesabu za kura, umri wa waliofariki, matokeo ya shule, nikapata kumi na moja zilizopungua kitu bila kuonyesha. Na majalada ni thelathini. Na watu wa miji nisiyoijua waliniandikia kunishukuru.

Jioni ile nilimweleza mkurugenzi. Alinisikiliza akiwa na kalamu mdomoni. Alisema tumeshazindua, tumeshatuma ripoti, na fomu zinasema yote yanasomeka. Hakusema ni nani aliyetia sahihi, hakuwa na haja. Mwisho akasema kama nataka kurudia, nirudie, lakini hatampa mtu yeyote amri ya kukata mali ya maktaba, kwa hiyo nikikata, nimekata mimi. Mashine ya picha inarudi kwa wenyewe baada ya wiki tano. Nilikuwa nimeshawapigia simu waongeze muda, wakakataa, kuna wengine wanaisubiri. Wiki tano za siku sita ni siku thelathini. Karatasi zikiwa zimelala wazi, watu wawili wanaweza kumaliza jalada moja kwa siku. Nikipoteza siku moja, nimepoteza mwaka mmoja wa gazeti.

Ndiyo maana Jumanne ile nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha shemeji, jasho linanitoka, nikidai ufunguo.

Alitaka kujua kwa nini nisiweke tangazo kwenye mtandao, kuwatahadharisha wasomaji kwamba pembeni kuna upungufu. Nikamuuliza ni nani anayesoma matangazo ya tahadhari.

"Si wewe," akasema. "Kijitabu kilikutahadharisha, ukakifunga. Nilikuona."

Hilo lilikuwa langu na nilistahili.

Akaongeza, bado anapaka gundi: "Na ukaapa. Mimi sikukuomba uape."

"Najua."

"Ukamtaja mdogo wangu."

"Najua, shemeji. Nilikosea kuapa, na nilikosea zaidi kutimiza."

Akaniuliza kama nimewaza kufumua badala ya kukata. Yeye angeweza kufumua uzi kwa mkono, karatasi moja baada ya nyingine, na baadaye akashona tena. Nikamkumbusha jalada alilolifumua mwaka juzi ili kubadilisha kurasa zilizolowa: siku sita, na kingo zikachanika kama mikate ya jana. Siku sita mara thelathini. Hesabu hiyo aliijua kabla sijaisema. Alikuwa anatafuta tu mahali pa kushika. Akasema pia kwamba yakishakatwa hayatashonwa tena kamwe, hayatabaki na ukingo wa kupitisha sindano, yatakuwa mafungu ya karatasi kwenye maboksi, na mtu yeyote mwenye mkoba ataweza kuondoka na ukurasa autakao. Nikamwambia ni kweli. Sikuwa na la kumtuliza na sikujaribu kulitunga.

"Kwa sifuri moja," akasema.

"Hujaiona."

"Nimesikia."

"Njoo uione."

Nililitoa jalada lile kwenye toroli, nikaliweka juu ya meza yake, juu ya kitabu chake cha hesabu chenye gundi mbichi, jambo ambalo siku nyingine angenifukuza kwalo. Nikafungua ukurasa wa nne. Nikamwacha asome kwanza. Alivaa miwani, akasoma kwa kidole, akasema "kumi na nne" kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Halafu nikapenyeza rula, nikavuta.

Aliinama mpaka paji la uso likakaribia karatasi. Nje kuna mtu alikuwa anasukuma viti vya chumba cha kompyuta, vinakwaruza sakafu.

"Mtoto alipata ngapi kwenye insha?" akauliza.

"Themanini na moja."

"Kwa hiyo kumi na nne."

"Kwa hiyo kumi na nne."

Akavua miwani. Alishika uzi uliojitokeza kwenye bonde la karatasi, akaujaribu kwa ukucha wa kidole gumba, ukalia kama uzi wa zeze. Miaka yote ile haukuwa umelegea hata kidogo.

"Nilivuta sana," akasema.

Nilitaka kumwambia kwamba alivuta inavyopaswa, kwamba wakati ule adui alikuwa mwenye wembe na mkoba, na hakuna aliyejua kuwa siku moja msomaji atakuwa kioo kisichoweza kuinamia bonde. Nilitaka kumwambia kwamba kosa lilikuwa la kwangu, nililiona siku ya tatu na nikatia sahihi. Nilisema la pili tu, tena kwa haraka, na yeye akanikata kwa mkono kama mtu anayefukuza nzi.

"Tukate ishirini na tisa," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Ishirini na tisa kata. La kwanza niachie. Hilo la kwanza kabisa." Alionyesha kwa kidevu toroli lililokuwa jirani na mlango. "Hilo sikushona peke yangu. Mdogo wangu alikuwa likizo ya shule, nikamleta hapa asizurure. Alikaa upande ule, mimi upande huu, sindano inakwenda kwake inarudi kwangu. Jalada zima. Alilalamika vidole siku tatu."

Niliishi na yule mwanamume miaka tisa na hakuwahi kuniambia hilo. Labda aliona si kitu. Vijana husahau kazi za likizo. Niliangalia lile jalada kwenye toroli, kitambaa chake cha kijani kilichopauka. Nilichobaki nacho cha mume wangu nyumbani ni saa isiyotembea na picha nne. Na hapa nilikuwa nimelisukuma kwa toroli jambo alilolifanya kwa mikono yake, nikapita nalo kwenye korido nikilaani magurudumu.

Ilikuwa rahisi kukubali. Jalada moja kati ya thelathini. Shemeji angetoa ufunguo, angenisaidia mengine yote, tungemaliza kwa amani. Mkurugenzi asingejua. Nilianza hata kuitafuta sababu, na sababu za namna hiyo hazikosekani: ni mwaka wa zamani zaidi, nani anausoma, nitaandika maelezo pembeni.

Nikajiona tena naandika ndiyo kwenye fomu.

"Ndani yake kuna nini, shemeji?" nikauliza.

"Kuna nini vipi? Gazeti."

"Kuna sifuri ngapi?"

Akalitazama toroli.

"Wewe hujui na mimi sijui. Hata yeye aliyeshona nawe hakujua." Nilisikia sauti yangu inapanda, nikaishusha. "Nikiacha moja kwa sababu ya mtu wangu, wiki ijayo nitaacha la pili kwa sababu nimechoka. Najijua. Nimeshafanya mara thelathini."

"Basi liwe la mwisho. Ukifika siku ya thelathini ndio uamue."

"Siku ya thelathini nitaamua kuliacha. Tunaanza nalo."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa lazima lianze lile. Nimejiuliza nikiwa naosha vyombo, nikiwa kwenye foleni. Pengine ningeweza kukata mengine ishirini na tisa na bado nikabaki mkweli. Lakini wakati ule nilijiona kama mtu aliye juu ya ngazi, akitazama chini hatashuka. Nilikwenda kwenye toroli, nikalibeba lile jalada la kijani, zito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, nikalilaza juu ya meza ya mashine. Nikachukua kisu chake kutoka kwenye kopo. Nikakata kitambaa kwenye bawaba ya mbele, pale ubao unapokunjika, kisha ya nyuma, kama alivyonifundisha yeye, kwa kuvuta kisu kuelekea kwangu bila kukandamiza. Mbao mbili zikatoka. Zilibaki karatasi na mgongo.

Shemeji alikuwa bado amesimama mezani kwake, mkono juu ya mfuko wa shati.

Nikazungusha gurudumu la kipimo. Kwenye mashine ile unapanga kwa milimita kiasi gani kiondoke upande wa mgongo. Ukipanga kidogo, mshono unabaki na karatasi haziachani. Ukizidisha, kisu kinapita kwenye maandishi, na kile ulichotaka kukiokoa kinaanguka pamoja na takataka. Nilipima kwa rula, nikachungulia, nikakisia kumi na moja. Nikapanga kumi na moja.

"Umepima wapi?" akauliza.

"Hapa katikati."

"Katikati." Alisema kwa dharau ya fundi, ile ambayo haina uhusiano na huzuni. "Kwa kumi na moja utakata safu nzima. Huku juu ndiko alikokuwa anavuta yeye, alikuwa hajui, akaingia ndani kuliko mimi na kuyavuta maandishi karibu na mgongo. Ukipima katikati unapima mshono wangu."

Nikarudisha mkono kwenye gurudumu.

"Nane," akasema. "Weka nane. Zitabaki nyuzi zake kama tatu kule juu, hizo utazikata kwa wembe, moja moja."

Nikazungusha mpaka nane. Akaja. Alisukuma jalada kwa viganja viwili mpaka mgongo ukagota sawasawa kwenye ukuta wa mashine, akagonga pembe ya juu mara mbili kwa kifundo cha kidole, akatazama kwa jicho moja, akagonga tena. Akakaza gurudumu la kubania mwenyewe. Halafu akatoa ufunguo mfukoni, akafungua kufuli, akaliweka kufuli dirishani, ufunguo ukiwa ndani yake.

"Nikate mimi?" akauliza. "Huo mpini mzito."

Angeweza kukata. Angekata vizuri kuliko mimi, kwa pigo moja, na nadhani kuna namna ingekuwa heshima kwake kuimaliza kazi yake mwenyewe. Lakini niliyeapa ni mimi, na niliyeandika ndiyo ni mimi, na sikutaka jioni aende nyumbani akiitazama mikono yake.

"Nakata mimi," nikasema. "Wewe nenda kanywe maji."

"Sina kiu."

"Nenda tu, shemeji."

Alivuta kigoda kikatoka njiani mwa mpini, akaangalia mara moja zaidi pembe ya juu, akatoka. Hakufunga mlango. Sikusikia hatua zake zikienda mbali.

Nikaushika mpini kwa mikono yote miwili, nikavuta. Kisu kikashuka, kikaingia karatasi kwa sauti kama ya mchanga, kikafika katikati, kikakwama kwenye uzi. Niliusikia uzi kwa viganja kupitia kile chuma chote. Nikapandisha mpini kidogo, nikapanua miguu, nikauegemea kwa mwili mzima. Ukakatika. Mgongo ukaangukia sakafuni upande wa pili wa mashine, mzima, umeshikana na nyuzi zake, isipokuwa zile tatu za juu.

Nikafungua gurudumu la kubania, nikazikata zile nyuzi tatu kwa wembe, moja moja, nikachukua karatasi ya juu, nikaipeleka kwenye kioo cha mashine ya picha.